Jozi ya Sekela

1

Kikuku kilianza kutetemeka mkononi mwa Sekela kabla hajakaa vizuri kwenye mkeka wa msiba. Alidhani ni yale makelele ya kila siku, ya kumwambia inuka utembee, umekaa mno, basi akavuta khanga ikafunika mkono, akaendelea kumpa pole mjane. Kikatetemeka tena, safari hii kwa nguvu mpaka mjane mwenyewe akatazama. Sekela akachungulia chini ya khanga.

"Jozi yako iko karibu. Tafadhali ondoka eneo hili."

Alikuwa na miaka minne tangu awekewe punje, na ujumbe huo alikuwa akiusikia kwa wenzake tu kule kliniki, kama watu wanavyosikia kwamba radi imempiga mtu wa kijiji kingine.

"Vipi, wifi?" Lugano alikuwa ubavuni pake. Huyu alikuwa dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye macho ya kuona kila kitu na mdomo wa kukisema. "Umebadilika rangi."

"Joto tu."

"Joto, Tukuyu hii? Mwezi wa sita?" Lugano akaficha kicheko kwenye khanga, maana msibani hapachekwi hovyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Waliougua saratani wakapona walikuwa wanachomwa kinga kila baada ya miezi sita, sindano iliyotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, na aliyeikosa hakuwa na uhakika wa mwaka mmoja kabla ugonjwa haujarudi. Sindano ilikuwa ghali kupita kiasi. Mfuko wa Waliopona, ambao ndio uliokuwa ukilipa, ulifika mahali ukachoka kuwalipia watu wanaotoka wodini na kwenda moja kwa moja baa. Wataalamu wake wakawalinganisha waliopona na watu wengine wasiowahi kuugua, wakakuta jambo lililowaudhi sana: waliopona walivuta sigara karibu sawa na wenzao, walikunywa karibu sawa, na kutembea walitembea kidogo zaidi. Wengine tungesema ni kwa sababu ni binadamu. Mfuko ukasema ni utovu wa shukrani.

Ndipo ukatoka utaratibu wa jozi. Kila aliyepona alipangiwa mtu mmoja wa jinsia yake, umri wake na wilaya yake, ambaye hajawahi kuugua saratani, na wote wawili wakawekewa punje chini ya ngozi ya mkono. Punje ilionja damu usiku na mchana: moshi, pombe, chumvi, mwendo, usingizi, hata joto la kinywaji. Aliyepona alivaa na kikuku cha kumletea habari za mwenzake kila jioni. Ukiishi vizuri kuliko jozi yako, unachomwa. Ukiishi vibaya kuliko yeye, nafasi yako anapewa mwingine.

Na jozi hawakuruhusiwa kujuana. Sheria hiyo ilisababishwa na bwana mmoja wa Kyela, ambaye kwa njia alizozijua mwenyewe aligundua jozi yake ni nani, akawa anampelekea kreti ya bia kila wikiendi, na mwenzake anaipokea kwa shukrani akidhani ni ukarimu. Tangu hapo, ukiisogelea jozi yako na kuongea nayo, umejitoa. Ndiyo maana, wiki chache tu kabla ya msiba huu, punje zilifundishwa kutambuana na kupiga kelele. Waliozibuni walikuwa na akili nyingi sana, ila hawakufikiri kwamba mtu akiambiwa jozi yako iko karibu, jambo la kwanza atakalofanya ni kugeuza shingo.

Sekela aligeuza shingo.

Ua mzima ulikuwa umejaa wanawake. Aliaga kana kwamba anakwenda msalani, akasogea kuelekea getini, kikuku kikapoa. Akarudi, kikachachamaa. Akapita upande wa migomba, kikapoa tena. Akazunguka nyuma ya nyumba, kuliko na jiko la msiba, na hapo kikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Ni miaka mingi sasa tangu watu wa Tukuyu waache kupikia kuni. Kila nyumba ina jiko la umeme, na mtoto wa siku hizi ukimpa kiberiti atakuuliza kinawashwaje. Lakini msiba hauwekwi kwenye umeme. Msiba unapikwa kwa kuni, kwenye mafiga, nje, ili moshi upande watu wa mbali wauone wajue kuna kilio. Sekela hakuwa amesogelea moshi huo kwa miaka minne. Alikuja misibani, akakaa mkekani, akatoa rambirambi, akaondoka, na wenzake wakasema siku hizi Sekela anakuja kwenye kilio kama mgeni rasmi. Yalimuuma, akavumilia. Moshi ulikuwa unahesabiwa.

Wapishi walikuwa watatu. Mmoja alikwenda bombani, kikuku hakikubadilika. Wa pili akaingia ndani kuchukua chumvi, hakikubadilika. Wa tatu, mwanamke mfupi aliyefunga kilemba cha kijani, alihama sufuria moja kwenda nyingine na mwiko mrefu kama kasia, na mtetemo ukamfuata kila alikokwenda.

Alikuwa Mama Ipyana. Nani hakumjua Mama Ipyana? Alipika misiba yote ya kata ile, ya matajiri na ya maskini, na hakuitwa, alikuja mwenyewe.

Sekela aliegemea ukuta. Kila jioni kwa miaka minne alikuwa akisoma habari za huyu mtu bila jina. Alijua analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakula chumvi kiasi gani. Na alijua ni mvutaji sugu, kikuku kilisema hivyo kila jioni. Akilini alishamchora: mwanamke mrefu, mkavu, kaunta ya baa, sigara katikati ya vidole. Aliwahi hata kuishukuru ile sigara. Yeye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege ndogo zisizobeba mtu, za kunyunyizia dawa mashamba ya chai ya ushirika, kazi ya kukaa kibandani mchana kutwa mbele ya kioo, na kutembea kulimshinda. Isitoshe alipenda chai ya moto, moto wa kuunguza ulimi, jambo ambalo daktari alimkataza kabisa. Kilichomweka mbele ya jozi yake kilikuwa kimoja tu, ule moshi wa mwenzake.

Sasa aliuona moshi wenyewe. Ulikuwa wa kuni za mkaratusi. Mama Ipyana hakuwa na sigara wala dalili ya sigara. Waliotunga hesabu walikaa Dodoma, kwenye nyumba za majiko ya umeme, wakaamua kwamba siku hizi moshi ni wa sigara tu.

Alitaka kucheka, halafu akaiona hatari yake. Mtu yeyote akiligundua hili, yeye Sekela amekwisha.

Angeondoka hapo hapo. Ila wapishi walikaa kula, na Mama Ipyana akawapakulia wenzake, halafu akajimegea tonge dogo. Akalichovya kwenye mchuzi mpaka likalegea. Akatafuna kwa muda mrefu. Alipomeza alisimama ghafla kama mtu aliyesikia anaitwa, akaweka vidole vitatu chini ya koo, akainamisha kichwa kushoto, akangoja. Kisha akashushia na maji na kusukuma sahani pembeni.

"Kula, Mama Ipyana! Utaanguka kwenye sufuria," mmoja akamwambia.

"Mimi nimeshashiba kwa kuonja."

Wote wakacheka. Sekela hakucheka. Vile vidole vitatu alivijua, na alijua kwa nini kichwa kinainamishwa kushoto. Hata yeye alikaa hivyo miezi kadhaa mbele ya wanawe, akiwadanganya ameshiba, kabla hajagunduliwa saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula.

Kikuku kikaandika: "Onyo la kwanza." Akakimbia, akamwacha hata wifi yake.

2

Kesho yake, Jumatano, aligongesha ndege kwenye mti wa mkuyu katikati ya shamba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Msimamizi akamwambia aende nyumbani akapumzike. Hakwenda. Alikaa kibandani akasoma upya habari za jozi yake za miezi iliyopita, zile alizokuwa akizisoma kwa kijicho.

"Jozi yako imepunguza uzito tena. Jozi yako imepunguza chumvi. Jozi yako imeacha pombe kabisa. Ongeza bidii."

Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimuonea wivu. Alikumbuka kusema kwa sauti, mbele ya watoto, "Huyu naye anataka kuniua." Sasa kila mstari ulisomeka vingine. Uzito ulishuka kwa sababu chakula hakipiti. Pombe ilikwisha kwa sababu inachoma ikishuka.

Akapiga simu Mfuko. Ilipokelewa na kijana mwenye sauti laini, iliyofundishwa.

"Nataka kuuliza tu," Sekela alisema. "Hivi jozi akiugua inakuwaje?"

"Akipata saratani anaondoka kwenye ulinganisho, mama. Wewe unapangiwa jozi mpya."

"Na yeye nani anamwambia kwamba anaumwa?"

"Sijakuelewa, mama."

"Punje si inaona? Mtu anakonda kila mwezi. Hali chakula."

"Punje haipimi magonjwa, mama. Inapima tabia. Kupunguza uzito ni tabia njema." Kisha sauti ya kijana ikabadilika. "Samahani, umejuaje kwamba jozi yako hali chakula?"

Sekela akakata simu.

Sindano yake ilikuwa Ijumaa. Akichomwa Ijumaa, angekuwa salama mpaka mwisho wa mwaka. Siku mbili tu za kufumba mdomo. Nani angemlaumu? Lakini alijijua vizuri. Baada ya Ijumaa hii ingekuja Ijumaa nyingine, na jozi mpya angekuwa mmoja wa wale wanawake wanaokimbia barabarani alfajiri wamevaa miwani ya jua. Asingemshinda hata wiki. Mama Ipyana, mgonjwa na moshi wake, ndiye aliyekuwa uhai wake. Alipowaza hivyo alijichukia.

Jioni alimwambia Lugano yote. Lugano alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutania.

"Nyamaza," alisema. "Wifi, nakuomba. Kaka yangu nilishamzika. Watoto wamebaki na wewe. Ukifa, mimi ndiye nitakayeshika mwiko kwenye msiba wako, na sitaki. Umesikia? Sitaki."

"Atakufa, Lugano."

"Watu wanakufa. Si wewe uliyempa ugonjwa."

"Mimi naishi kwa sababu yeye hajapima."

Lugano akakaa chini kwenye kizingiti. Alikaa hivyo mpaka uji ukapoa jikoni. Kisha akajifunga khanga kiunoni. "Sheria inakukataza wewe. Mimi hainihusu. Nitakwenda mimi nimwambie, nimalize."

Akaenda. Sekela alimngoja dirishani, akahisi kwamba tatizo limepata dawa, akajiona mjinga kwa kuogopa bure. Lugano aliporudi alikuwa amekasirika.

"Kanicheka. Kasema ni gesi. Nikamwambia wifi yangu alianza hivyo hivyo, akasema wifi yako ni wifi yako na mimi ni mimi. Nikambembeleza, nikamwambia nitampeleka mwenyewe kwa gari. Akasema hospitali haendi, ana sababu zake, na nisimwambie mtu." Akavua viatu, akavitupa. "Mimi nimefanya yangu. Atakayemshawishi yule labda mtu aliyepita njia hiyo hiyo."

Hakukusudia kusema hivyo. Alipoona uso wa wifi yake alifunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

3

Alhamisi ilikuwa siku ya kuanua tanga. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na moshi wa msiba ulijichanganya nao mpaka usijue ukungu unaishia wapi. Sekela alipita mkekani bila kukaa, akaenda nyuma ya nyumba moja kwa moja. Kikuku kilipiga kelele tangu pale mkekani. Aliingia kwenye moshi, macho yakamwaga machozi, mapafu yakashtuka, na katikati ya hofu yote hiyo alisikia ile harufu ya kuni na ndizi zinazochemka, harufu ya utoto wake, akajua jinsi alivyokuwa ameikosa.

"Habari za kazi, Mama Ipyana."

"Nzuri, dada. Pole na moshi. Ni wewe? Leo umetushukia sisi wa jikoni!" Alisema bila kinyongo. Kwa karibu alionekana amekwisha. Kilemba kilimzidi kichwa, na mfupa wa bega ulijionyesha juu ya gauni. "Wenzangu wamekwenda kuchota maji. Kaa upande huu, moshi hauji sana."

Sekela hakukaa. Alimega kipande cha ugali uliokuwa umeshaiva, akamnyooshea. "Meza hiki mbele yangu."

"Eh! Makubwa."

"Bila mchuzi. Bila maji. Meza nikuone, halafu nitaondoka."

Mama Ipyana aliutazama ugali, akamtazama Sekela, na kicheko kilichokuwa kinakuja kikarudi. Hakupokea. Badala yake vidole vitatu vikapanda vyenyewe chini ya koo.

Sekela akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akamwonyesha kovu, lile linaloanzia shingoni na kuteremka. "Wali ulikuwa ukinipita kooni mpaka mwezi wa mwisho. Ugali ulikuwa umeshakataa. Niliwaambia watoto nimeshiba. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu wangenifungua na kunifunga. Kwa hiyo usiniambie gesi."

"Aliyekuja jana ni wifi yako."

"Ndiye."

Mama Ipyana akageukia sufuria na kukoroga, ingawa hapakuwa na cha kukoroga. "Najua si gesi," alisema hatimaye. "Mimi si mtoto. Mama yangu alikwenda hivi hivi. Lakini nina jambo langu, dada, ukilisikia utanicheka."

"Sicheki."

"Mimi nina punje." Akakunja mkono wa gauni, akaonyesha kauvimbe kadogo. "Watu wa Mfuko walikuja wakatuomba, tukakubali, matibabu ya malaria bure, nani angekataa? Wakaniambia kuna mgonjwa mmoja wa saratani, amepona, analinganishwa na wewe. Nikamuuliza kijana wao mmoja, je, nikimshinda huyo mgonjwa anakuwaje? Kijana akanyamaza. Halafu akasema, mama, wewe ishi tu." Akachochea kuni. "Mtu akikunyamazia namna ile, si unaelewa?"

Sekela akavuta khanga, akakifunika kikuku.

"Basi mwaka juzi nikaenda kupima presha. Presha tu! Wiki haikuisha wakanipigia kunipongeza. Eti kwenda kupima ni tabia njema, nimepanda alama. Nikakaa nikawaza: mimi nimepanda, yule mtu wa watu si ameshuka? Kwa ajili ya presha yangu? Tangu siku ile hospitali sikukanyaga. Na kila nikitaka kwenda kwa hili koo namkumbuka. Nimezoea kumuwaza. Naona kibibi kimekonda, kimelala kitandani, hakina mtu wa kukipa maji."

Sekela akakaa juu ya gogo, katikati ya moshi. Alilia waziwazi, kwa kelele, na kwa kuwa palikuwa msibani hakuna aliyekuja kuuliza.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Hicho kibibi."

Akanyoosha mkono. Kikuku kilikuwa kikitetemeka mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Mama Ipyana alikitazama, akasogeza mkono wake karibu, kikachachamaa zaidi, akauondoa, kikapoa kidogo. Akarudia, kama mtu anayejaribu swichi. Kisha akamkagua Sekela kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mbona mnene hivi?"

Wote wawili wakacheka, kicheko kibaya cha kukwaruza, na cha Mama Ipyana kikaishia kwenye kikohozi. Akashika sufuria kwa kitambaa mpaka kikapita. "Usinipe sifa zote," alisema akifuta macho. "Nusu ilikuwa huruma. Nusu ilikuwa woga. Nilipata sababu nzuri ya kuogopa, nikaishikilia."

"Mimi sikuwa na huruma hata nusu. Nilikuwa naomba uendelee kuvuta sigara."

"Sigara gani?"

"Achana nayo."

Kikuku kikabadili mtetemo, ukawa wa haraka haraka. Maandishi yalikuwa mekundu: "Onyo la mwisho. Ondoka sasa. Dakika moja, na utaondolewa kwenye huduma."

"Kinasema nini?"

Sekela akamsomea.

"Sindano yako lini?"

"Kesho."

"Basi ondoka!" Mama Ipyana alimsukuma begani kwa mkono wenye unga. "Nenda, simama kule getini. Kesho uchomwe. Mimi nitakwenda hospitali Jumamosi, na wifi yako atanipeleka. Nakuapia. Tumeshaelewana, unangoja nini?"

Njia ilikuwa wazi. Ilikuwa njia nzuri hata, isiyomuumiza mtu, na Sekela aliitamani kwa mwili mzima. Aliona sura za watoto wake wawili. Aliona geti, hatua chache tu, na ukungu unaomngoja. Alisimama kweli. Alipiga hatua moja.

Kisha akageuka akamtazama yule mwanamke, ambaye tayari alikuwa ameshika mwiko na kuanza kugeuza ndizi, na uso wake ulikuwa umejaa nafuu. Nafuu ile Sekela aliijua. Ilikuwa ya mtu aliyepewa siku mbili za kutokwenda.

"Jumamosi kutakuwa na msiba mwingine," Sekela alisema.

"Nani kafa?"

"Sijui. Lakini atakufa mtu, na utakwenda kumpikia. Wiki ijayo mwingine. Lini uliwahi kukosa msiba wewe?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kwa mara ya kwanza Mama Ipyana alionekana anaogopa waziwazi, kama watu wote wanavyoogopa.

Sekela akarudi. Kando ya mafiga kulikuwa na birika la chai, inafuka mvuke. Alichukua vikombe viwili, akamimina kimoja, akaanza kuimwaga chai kutoka kikombe hiki kwenda kile, kutoka kile kuja hiki, juu, taratibu, ili ipoe. Chai ikamwagika, ikamuunguza vidole. Hakuacha. Hakutaka kuona kikuku kinasema nini, akajilazimisha kuitazama chai tu, jinsi mvuke ulivyopungua, mpaka ukaisha.

Mkono ukanyamaza.

Haikuwa kupoa kama kule getini. Ilikuwa kimya kabisa, kimya ambacho hakukisikia kwa miaka minne. Mkono ulimwia mwepesi na wa ajabu. Alijua kesho hakuna sindano. Hakujua kitu kingine chochote.

"Kimeacha," Mama Ipyana alisema kwa sauti ndogo.

"Kimeacha."

"Ina maana miaka yote ile niliyokuonea huruma umeitupa kwenye moto."

"Nimeitupa. Na nitaipigia kelele hiyo sheria yao kila ofisi yenye mlango, kuanzia kesho. Leo nina kazi na wewe."

Wapishi wawili walikuwa wanarudi na ndoo za maji. Mama Ipyana akafungua kilemba, akajifuta uso, akakifunga upya vizuri kama anayejiandaa kwenda kanisani. Akampa mwiko aliyekuwa mbele. "Ndizi hizo zinataka chumvi. Mimi natoka kidogo."

"Unatoka! Na msiba?"

"Utaiva tu."

Mbele ya nyumba Lugano alikuwa ameshawasha gari. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gari analia na kutukana kwa zamu.

Sekela akampa Mama Ipyana kikombe. "Kunywa kwanza. Ni mbali. Kidogo kidogo, usikimbilie."

Mama Ipyana akapiga funda moja. Akafumba macho. Vidole vitatu vikapanda chini ya koo, kichwa kikainama kushoto, na vya Sekela navyo vikapanda chini ya koo lake mwenyewe, bila kujua. Wakasimama hivyo kwenye ukungu, wamenyamaza, wanaisikiliza chai ikishuka.

"Imepita?"

"Ngoja."

Wakangoja.

"Imepita," Mama Ipyana alisema.